Gari la Taka Linabeba Maji

Mwaka 1991 Halmashauri ya Jiji la Dar es Salaam ilikwenda Mahakama Kuu na ombi lililomshangaza hata jaji. Iliomba iongezewe muda wa kumwaga taka Tabata. Jaji Lugakingira aliandika kwamba hajapata kusikia popote chombo cha umma, wala hata mtu binafsi, akienda mahakamani kifua mbele kuomba kibali cha kuchafua mazingira na kuhatarisha maisha ya watu. Ombi likatupwa.

Kesi yenyewe ilianza mwaka 1988. Wakazi wa Tabata walikuwa wakiishi na dampo la jiji mlangoni: moshi, nzi, na harufu isiyojua dirisha limefungwa au liko wazi. Wakaishtaki halmashauri yao. Septemba mwaka huohuo mahakama ikaamuru malori yasimwage tena taka pale, na jiji litafute mahali ambapo taka hazitawadhuru watu. Halmashauri ikaomba muda, ikapewa. Muda ukaisha, ikaomba mwingine. Hati ya Haki ilikuwa imeingizwa kwenye Katiba mwaka 1984, lakini ilianza kuwa na nguvu mahakamani Machi 1988, na jaji akaigeukia ibara ya 14, ile ya haki ya kuishi. Kwa hiyo miongoni mwa kesi za mwanzo kabisa zilizoipima ibara hiyo nzito, mojawapo ilihusu maganda ya ndizi na makopo.

Baada ya Tabata, malori yakaelekezwa Kunduchi Mtongani. Wakazi wa kule nao, zaidi ya mia saba, wakaenda mahakamani, wakasema eneo lile limepimwa kwa ajili ya makazi. Wakashinda. Malori yakageuza, mwaka 1992 yakaenda Vingunguti. Vingunguti ikajaa, mwanzoni mwa miaka ya 2000 taka zikahamia Mtoni. Mtoni nako hakukudumu, na kuanzia hapo safari ni Pugu Kinyamwezi, yapata kilomita 30 kutoka Posta, katikati ya jiji. Itazame ramani hiyo, msikilizaji. Ukiondoa semina na makabrasha, sera yetu ya taka kwa zaidi ya miaka 30 imekuwa moja tu: kutafuta kijiji cha mbele. Mji ukikifikia kijiji hicho, tunasogea kingine.

Jioni ya leo nataka kusema kwamba tunahangaika na mwisho wa safari huku kosa likiwa mwanzoni mwake. Na mwanzo wake ni ndoo moja iliyoko jikoni kwako.

Hebu tuifunue ndoo hiyo. Mimi nazungumzia ndoo ya Manzese, ya Mbagala, ya Gongo la Mboto, ambako ndiko waliko wengi wetu. Juu kuna maganda ya ndizi na ya viazi. Chini yake maganda ya mihogo, vichwa vya samaki, mashina ya mchicha na matembele, ukoko wa ugali, mbegu za papai, machicha ya nazi. Kisha kuna chupa ya maji ya plastiki, karatasi ya maandazi, pakiti ya sabuni ya unga, na kama kuna mtoto mdogo, pampasi. Vipimo vilivyofanywa miaka na miaka katika miji yetu vinarudia jambo lilelile: zaidi ya nusu ya uzito wa taka za majumbani ni vitu vinavyooza. Na ganda la ndizi, kama ilivyo mboga yoyote, sehemu yake kubwa ni maji. Chukua robo tatu kwa hesabu ya haraka.

Sasa piga hesabu pamoja nami. Makadirio yanayotumiwa na wengi ni kwamba Dar es Salaam, mkoa ambao sensa ya 2022 ilihesabu watu 5,383,728, huzalisha zaidi ya tani 4,000 za taka kwa siku. Tuseme nusu ni za kuoza, hizo ni tani 2,000. Robo tatu ya tani 2,000 ni tani 1,500. Kama taka zote zingebebwa, malori yetu yangekuwa yanapandisha vilima vya Pugu, kwenye foleni, kwa dizeli ya kununua, tani 1,500 za maji kila siku. Na maji haya hayamwagiliwi popote. Yanadondoka barabarani nyuma ya lori, kama wewe mwenye bodaboda unavyojua, na yanayobaki yanakwenda kuchuruzika chini ya dampo yakiwa meusi.

Yaliyobaki kwenye ndoo nayo yanaharibiwa na maji hayohayo. Boksi lililolowa mchuzi halina mnunuzi. Chupa iliyopakwa ugali inauzwa bei ya chini au inakataliwa. Kila kitu kwenye ndoo kilikuwa na thamani yake kilipokuwa peke yake. Ganda ni chakula cha mbuzi, boksi ni karatasi, chupa ni plastiki. Tukavitia pamoja vikawa taka.

Sitaki nionekane kama nawalaumu wasiokuwepo kujitetea, kwa hiyo niseme jinsi kazi hii inavyoendeshwa. Mwaka 1992, wakati wa operesheni ya dharura ya kusafisha jiji, ilikadiriwa kwamba taka zilizokuwa zikizolewa hazikufika asilimia 5. Magari ya halmashauri yalikuwa yamekufa. Mwaka 1994 jiji likaanza kwa kumpa mkandarasi mmoja binafsi kata kumi za katikati ya mji. Halmashauri ikavunjwa mwaka 1996, Tume ya Jiji ikashika hatamu, na mwishoni mwa miaka ile kazi ikagawanywa kwa makampuni mengi na vikundi vya wananchi, vingi vikiwa vya akina mama. Haya yalikuwa mapinduzi ya kweli. Mitaa ambayo haikuwahi kuona gari la taka ikaanza kuona japo guta na mkokoteni.

Lakini mkataba ulijengwa hivi: mkandarasi anazoa, mwenye nyumba analipa ada ya taka, elfu mbili hapa, elfu tano pale, kutegemea mtaa na sheria ndogo za halmashauri. Mkandarasi anatoa kwenye ada hiyo mafuta, tairi, mishahara ya vijana na gharama za dampo. Sasa jiweke kwenye kiti chake. Masaki na Mikocheni nyumba zina geti, barabara ni lami, ada inalipwa. Tandale kwa Mtogole gari halipiti, nusu ya wapangaji wanasema pesa anayo mwenye nyumba, na mwenye nyumba anaishi Kibaha. Wewe ungeanzia wapi? Ndiyo maana gari linakuja ushuani kwa ratiba, na uswahilini linakuja likijisikia. Mama aliyekaa na kiroba kinachooza siku tisa akiona wingu limejikusanya, anajua mvua ndiyo gari lake. Anausogelea mtaro.

Kila masika tunamsema huyo mama kwenye vipindi kama hiki. Tunasema watu wetu hawana ustaarabu, tunahitaji elimu. Nimelisikia neno hilo "elimu" mpaka limenichosha, kwa sababu watu haohao tunaosema hawana ustaarabu, kuna taka moja ambayo hawajawahi kuitupa mtaroni. Chupa ya soda. Ile ya kioo.

Fikiri juu ya chupa hiyo. Ukienda dukani kwa Mangi bila chupa, unaambiwa unywee hapahapa au uache hela ya chupa. Mtoto wa miaka sita anajua. Hakuna bango lililowahi kubandikwa kuwasihi Watanzania wasitupe chupa za soda. Hakuna semina, hakuna kofia wala fulana zilizogawiwa. Chupa ilikuwa na bei, mwenye duka alikuwa na kreti yake, lori la kiwanda lilileta zilizojaa likarudi na tupu. Ikipasuka, mtu anaguna kwa hasara. Kwa miongo mingi nchi nzima, mpaka vijiji visivyofikiwa na lami, iliendesha utaratibu wa kurejeleza chupa ambao miji tajiri ya Ulaya ingeuonea fahari. Kisha ikaja chupa ya plastiki. Kiwanda kikafurahi, maana hakina tena haja ya kuosha wala kurudisha kreti. Gharama ile iliyookolewa haikutoweka. Ilihamia mtaroni, Mto Msimbazi na ufukweni Coco, na anayeilipa ni halmashauri, yaani wewe.

Kwa hiyo ninaposikia kwamba Mswahili hawezi kutenganisha, nauliza: alitenganishaje chupa za soda? Alitenganisha kwa sababu kulikuwa na bei na kulikuwa na mahali pa kurudisha. Hayo mawili yakiwepo, elimu ni ya dakika tano.

Angalia na makombo. Mama lishe wa Buguruni hamwagi makombo ovyo. Ana ndoo yake yenye mfuniko pembeni, na jioni anapita kijana wa mfugaji wa nguruwe au wa kuku kuichukua. Hosteli za wanafunzi nazo hivyohivyo. Chuma chakavu hakilali nje usiku mmoja. Ukisahau sufuria uani asubuhi huikuti, na hapo sisifu. Chupa za maji za plastiki zenyewe siku hizi zina waokotaji wanaoamka kabla ya adhana ya alfajiri, gunia begani, wakiwahi kabla ya gari la taka. Hawa waokota chupa ndio wanaofanya sehemu kubwa ya urejelezaji wa jiji hili, bila glavu, bila bima, bila jina kwenye mkataba wowote, na bei ya kilo wanayouza inapanda na kushuka kwa mambo ya mbali sana na gunia lao. Mafuta ghafi yakishuka bei duniani, plastiki mpya inakuwa rahisi na ya kuokota inadharauliwa. Mwaka 2018 China ilifunga mlango wake kwa plastiki chakavu za nje, na soko la dunia nzima likayumba.

Kule Pune, India, waokota taka wa namna hii walianza kujiunga katika chama chao mwaka 1993. Kufikia 2008 ushirika wao, SWaCH, ukaingia mkataba na manispaa: wao ndio wanaopita nyumba kwa nyumba, wanapokea taka zilizotenganishwa, wanalipwa ada na kaya zenyewe, na chupa na karatasi wanazopata ni mali yao kuuza. Kinachonivutia ni kwamba manispaa haikuanzisha kitu kipya. Ilikuta watu wanafanya kazi, ikaipa kazi hiyo karatasi yenye muhuri.

Tuna mfano wa karibu pia. Bonyokwa, hapahapa Dar es Salaam, shirika la Nipe Fagio na wakazi waliamua kuanza na ndoo. Kaya zinatenganisha, wazoataka wa ushirika wa mtaani wanapita, vya kuoza vinageuzwa mboji hukohuko katani, vya kuuzwa vinauzwa, na kinachobaki ndicho kinachopanda gari kwenda Pugu. Mzigo wa gari unapungua, na harufu nayo inapungua, maana taka kavu hazinuki. Mtu wa Bonyokwa si malaika kuliko wa Kimara. Tofauti ni kwamba akishatenganisha, anaiona kazi yake haikupotea.

Hapo pana jambo ambalo wapangaji mipango wengi hulipita haraka, nami nitalikalia kidogo. Miaka kadhaa sasa tumeshuhudia mapipa ya rangi rangi yakizinduliwa: la kijani vya kuoza, la bluu plastiki, la njano karatasi. Viongozi wanakata utepe, wanapiga picha. Baada ya wiki linakuja lori moja, vijana wanashuka, pipa la kijani linamwagwa ndani, la bluu juu yake, la njano juu ya yote. Mwanafunzi aliyefundishwa asubuhi kutenganisha anasimama pale anatazama. Huyo umempoteza, na hatarudi hata ukimpelekea mapipa ya dhahabu. Nasema wazi: ni heri kutomwambia mtu atenganishe kuliko kumwambia atenganishe halafu ukamchanganyia mbele ya macho yake.

Sawa, utaniuliza, zile tani 2,000 za kuoza tuzipeleke wapi? Tuanze pale ambapo tayari zimetengana zenyewe. Nenda Mabibo kwenye soko la ndizi, nenda Buguruni, Temeke Stereo, Ilala. Taka za soko la matunda na mboga ni maganda na majani karibu matupu. Kazi ya kuyatenga haipo. Kinondoni walijenga kiwanda cha mboji Mabwepande kwa kushirikiana na jiji la Hamburg, Ujerumani, mji ambao ni ndugu na Dar es Salaam tangu 2010. Uwezo uliotajwa ni tani 50 kwa siku, na malighafi inayokifaa zaidi ni hiyo ya sokoni. Tani 50 mbele ya tani 4,000 ni kidogo, nakubali. Lakini ni kidogo kinachofanya kazi, na wilaya zetu nyingine nazo zina masoko makubwa.

Mboji ina adui mkubwa, naye ni kioo. Mkulima akikuta kipande cha chupa kwenye mboji uliyomuuzia, hanunui tena, na kesho yake wanajua wakulima wote wa bonde zima. Wembe uliotumika, sindano, betri ya redio, vyote hivyo huingia kwenye mboji iliyotengenezwa kwa taka zilizochanganywa. Ndiyo sababu viwanda vingi vya aina hiyo vimekufa Afrika na Asia, na vilivyokufa vilikuwa na mashine nzuri tu.

Mboji si njia pekee. Mji wa Moshi, ambao kwa miaka mingi ulikuwa ukibeba tuzo za usafi, una bahati yake: Mchaga na ng'ombe wake wa ndani. Mgomba na maganda havifiki mbali kabla havijaingia zizini. Dar es Salaam haiwezi kuiga hilo lote, ingawa mbuzi wa Vingunguti wangefurahi kujaribu.

Sasa niguse mambo mawili ambayo serikali imeyafanya, moja lilifanikiwa kuliko tulivyotarajia, na jingine nadhani tunalisifu kupita kiasi.

La kwanza ni mifuko ya plastiki. Juni 1, 2019 mifuko ya kubebea bidhaa ikapigwa marufuku Tanzania Bara. Zanzibar walishatangulia, Rwanda tangu 2008, Kenya Agosti 2017. Walioapa kwamba haitawezekana walikuwa wengi. Wiki moja ilitosha. Rambo zikatoweka, akina mama wakatoa vikapu vya ukili walivyovisahau, vijana wakaanza kushona mifuko mbadala. Kwa nini iliwezekana? Kwa sababu sheria ilikitaja kitu chenyewe na ikamshika mtengenezaji na muuzaji kabla ya mnunuzi. Baadaye ujanja ukaingia, vile vifungashio vyembamba vya karanga na ubuyu vikageuzwa mifuko, na mwaka 2021 ikabidi serikali ivikemee. Ujanja haukosi. Lakini nenda kando ya Msimbazi leo utafute rambo nyeusi za zamani. Utapata chupa, utapata pampasi, rambo ni za kutafuta.

La pili ni usafi wa Jumamosi. Desemba 9, 2015 Rais Magufuli alifuta sherehe za Uhuru akataka nchi nzima ishike ufagio, naye akaonekana kule Feri akiokota taka kwa mikono. Ilikuwa picha yenye nguvu, na ikazaa ile Jumamosi ya mwisho wa mwezi. Nina shida nayo ndogo. Tunafagia, tunazibua mtaro, tunarundika uchafu kando ya barabara, saa nne maduka yanafunguliwa. Rundo linabaki. Jumanne kuku wamelitawanya, Alhamisi mvua imelirudisha mtaroni. Ufagio unahamisha taka mita tatu. Baada ya hapo panatakiwa gari, na gari halina Jumamosi yake.

Na kuna vitu ambavyo hata tukitenganisha kwa utaalamu gani, havina pa kwenda. Pampasi ndiyo kubwa. Ina plastiki, ina karatasi, ina kemikali ya kunyonya, na ina kinyesi. Haiozi, hairejelezwi, ukiichoma inatoa moshi mbaya. Mama wa zamani alikuwa na nepi za kitambaa na ndoo ya kufulia. Mama wa leo anaamka saa kumi na moja kuwahi daladala, na simlaumu. Pakiti za biskuti na za chipsi zenye ngozi ya fedha ndani ni hivyohivyo, zimebandikwa tabaka juu ya tabaka hata fundi hawezi kuzibandua. Hivi ni vitu vya kumuuliza aliyevitengeneza. Kenya, katika sheria yao ya usimamizi endelevu wa taka ya mwaka 2022, wameandika wajibu wa mzalishaji kufuatilia bidhaa yake hadi inapokuwa taka, na wameandika pia kwamba taka zitengwe, za kuoza na zisizooza. Kuandika na kutekeleza ni mambo mawili. Dampo la Dandora, lililofunguliwa 1975 na kutangazwa limejaa 2001, liliendelea kupokea malori ya Nairobi hata baada ya mahakama kuamuru mwaka 2021 lifungwe. Wenzetu nao wana Tabata yao.

Msikilizaji anaweza kusema, jamani, mbona ni takataka tu, tutazifukia. Agosti 10, 2024, baada ya mvua kubwa, mlima wa taka wa Kiteezi nje kidogo ya Kampala uliporomoka juu ya nyumba za watu. Waliokufa walizidi 30, wakiwemo watoto. Kiteezi ilifunguliwa 1996 na ilikuwa imejaa miaka mingi kabla. Machi 2017 Addis Ababa, dampo la Koshe liliporomoka hivyohivyo likaua zaidi ya watu 110. Taka zinazooza ndani ya lundo hutoa gesi ya methani na joto, na maji yake hulegeza lundo zima kutoka chini. Gesi hiyohiyo ndiyo iliyofanya Mtoni, baada ya kufungwa, yawekwe mabomba ya kuivuta na kuichoma chini ya utaratibu wa Itifaki ya Kyoto. Kiini cha hatari zote hizo ni kilekile kitu cha kuoza kilichosafirishwa, kikarundikwa, kikafunikwa na vingine. Ganda lililobaki Mabibo likawa mboji haliwezi kumwangukia mtu Pugu.

Najua hoja moja itakayokuja kwa ujumbe mfupi kabla sijamaliza. Nyumba ya kupanga ina vyumba sita, familia sita, uani kuna choo kimoja na bomba moja; ndoo mbili mbili zitakaa wapi? Hoja ni ya haki. Jibu langu linatoka katika nyumba hizohizo. Wapangaji wana zamu ya kufagia uwanja na zamu ya kuosha choo, na asiyefanya zamu yake anasemwa mpaka anahama. Ndoo moja kubwa yenye mfuniko, ya vya kuoza tu, ikikaa uani kwa nyumba nzima, inaingia kwenye zamu. Zile ndoo ndogo za vyumbani zikabaki na vikavu, ambavyo havinuki na vinaweza kusubiri gari hata wiki. Ila ile ya uani haiwezi kusubiri wiki. Inahitaji mtu wa guta kila baada ya siku mbili, na kwa kuwa hahitaji kufika Pugu, safari yake ni ya mtaa mmoja au miwili, haihitaji dizeli.

Ndiyo maana leo sikuombi wewe unayenisikiliza ukaanze kutenganisha taka kesho asubuhi. Ukitenganisha kesho, gari litachanganya keshokutwa, na utakuwa umenichukia bure. Ombi langu ni jingine. Halmashauri hupanga bajeti miezi kadhaa kabla ya mwaka wao wa fedha, unaoanza Julai 1. Kabla ya hapo hufanyika mikutano ya mitaa ambayo wengi wetu hatuendi. Nenda. Muulize mwenyekiti wa mtaa, na umpigie diwani wako, uwaulize: mkataba wa mzoaji taka wa kata yetu unasema nini kuhusu taka za kuoza? Anazichukua kivyake au anazichanganya? Soko letu maganda yake yanakwenda wapi? Na wakikujibu kwamba yote yanakwenda Pugu Kinyamwezi, waambie hutaki kulipia safari ya maji. Taja kata yako na jibu ulilopewa, utuletee hapa studio kwa ujumbe. Tutayasoma majibu hayo hewani, kata kwa kata.